Ekzosi Iliyobonyea: Pima Kabla ya Kushika Nyundo

KASSIMU: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Kassimu, na niko na mwenzangu Fundi Rehema. Tangu mvua zianze, maswali mengi tunayoletewa ni ya ekzosi. Mtu kapita njia ya mashimo, au kapandisha Toyota IST yenye abiria watano kwenye tuta, akasikia mkwaruzo mkubwa chini. Akiinama anakuta bomba limebonyea. Fundi, aanzie wapi?

REHEMA: Aiache nyundo ndani. Kweli kabisa, kaka. Bomba la ekzosi kwenye gari dogo ni chuma chembamba, milimita moja na kitu hivi, na likishaanza kuliwa na kutu ni jembamba zaidi. Ukiligonga kwa nje hulinyooshi, unalibonyeza upya. Mara nyingi mtu aliyekuja na bonde moja anaondoka na matatu na ufa juu.

KASSIMU: Lakini wenye magari wanaogopa. Wanasema injini itakosa pumzi.

REHEMA: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Chukua bomba lenye kipenyo cha milimita 50. Likiwa duara kamili, njia ya moshi ina eneo la milimita za mraba 1,960 hivi. Sasa tuta limelibana, kimo kimebaki milimita 30, limekuwa na umbo la yai. Kwa macho utasema limekwisha. Lakini chuma hakikupotea, kimehamia ubavuni, upana umefika 66 hivi. Ukipiga hesabu, eneo lililobaki ni kama 1,560.

KASSIMU: Yaani kimo kimepungua asilimia 40, ila njia ya moshi imepungua asilimia 20 tu?

REHEMA: Ndiyo. Hata kimo kikishuka hadi nusu, asilimia 70 ya njia bado iko wazi. Mtu wa Mbagala kwenda Posta kwenye foleni hatahisi chochote. Ila sikiliza vizuri: hesabu hiyo ni ya bomba lililolala kote sawasawa. Kama jiwe limelipiga sehemu moja, ukuta wa chini ukaingia ndani kuufuata wa juu, njia inazibika haraka sana. Kwa hiyo, kabla ya yote, chukua futi, upime kimo na upana, na upapase kwa kidole ujue ni aina gani.

KASSIMU: Na dalili barabarani?

REHEMA: Gari linaondoka vizuri, lakini ukikanyaga kwenye mlima linakataa kuchanganya. Tatizo ni kwamba dalili hiyo inafanana na ya pampu ya mafuta kuchoka, au masega ya ekzosi, kile chombo cha kusafisha moshi, kuziba. Ukitaka uhakika, fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kwenye ekzosi kabla ya masega, funga geji ya presha pale pale. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, presha isizidi psi 1.5 hivi. Ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, isizidi 3. Ikiwa chini ya hapo, bonde lako halijaiba nguvu yoyote, na mimi ningekushauri uliache.

KASSIMU: Haya, tuseme amepima, akaona lazima litengenezwe. Yuko uani kwake.

REHEMA: Injini ipoe kabisa. Gari liwe mahali tambarare pagumu, hendibreki juu, tairi zilizobaki chini zizuiwe mbele na nyuma, halafu likae juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, hailindi mtu aliyelala chini. Na matofali hapana, jamani. Tofali la saruji linaweza kupasuka ghafla, halikupi hata nafasi ya kutoka.

KASSIMU: Bolti zenye kutu je? Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

REHEMA: Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, asubuhi uzimwagie tena. Zile raba zinazoning'iniza ekzosi zipake maji ya sabuni, zitateleza zenyewe. Na nunua gasketi mpya kabla hujafungua, maana ya zamani mara nyingi haifungiki tena vizuri.

KASSIMU: Bomba limetoka, liko mezani.

REHEMA: Sasa, lile lililolala nalipenda kwa sababu halihitaji moto. Usihangaike na sehemu iliyobonyea. Bana mbavu! Liweke kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, zile pande mbili zilizotanuka ziguse meno. Weka vipande vya mbao ngumu katikati, ukiweza vichonge mviringo, ili meno yasiume bomba. Kaza robo, legeza, sogeza kidogo, kaza tena. Upana ukirudi, kimo kinapanda chenyewe. Chuma kina tabia ya kurudi nyuma ukikiachia, kwa hiyo kipitishe kidogo kuliko unavyotaka.

KASSIMU: Asiye na jiliwa?

REHEMA: Klampu kubwa ya skrubu inafanya kazi ile ile. Tena kama mbavu zote mbili zinafikika, anaweza kuibania gari likiwa kwenye stendi bila kufungua bomba. Asitegemee duara kamili. Kimo kikifika milimita 42, 43, inatosha, aache.

KASSIMU: Na lile lililoingia ndani?

REHEMA: Hilo linasukumwa kutoka ndani. Tafuta kipande cha chuma cha mviringo, chembamba kidogo kuliko bomba, ncha imechongwa butu. Kinaingizwa kwa mdomo ulio karibu, kinagongwa na nondo ndefu, fundi mwingine akilipasha bonde joto kwa gesi mpaka liwe jekundu. Kama kuna kona katikati, chuma hakipiti. Basi chomelea bolti juu ya bonde, uivute, kisha uikate kwa grenda.

KASSIMU: Wengine wanaziba ncha mbili, wanajaza upepo wa kompresa ili bonde lifumuke.

REHEMA: Nakataa, na nakataa kwa nguvu. Upepo uliobanwa unahifadhi nguvu nyingi. Kizibo kikichomoka kinaruka kama risasi, na bomba lenye kutu likipasuka linarusha vipande. Mtu anapoteza jicho kwa bomba ambalo lingeweza kukatwa na kuungwa.

KASSIMU: Kuna sehemu ambazo hutaki mtu azishike kabisa?

REHEMA: Masega. Ndani yake mara nyingi ni kauri, ukigonga yanavunjika na vipande vinaziba njia. Na ile fleksi, kipande kinachopinda cha nyuzi za chuma, ikishakunjika hainyooki, inabadilishwa. Sailensa yenyewe ikiwa na bonde juu ya ganda, haigongi kitu na haitoboki, iache ilivyo.

KASSIMU: Kuunga kipande kipya, kwa ufupi?

REHEMA: Kata palipoliwa na kutu hadi ufikie chuma kizima, valisha kipande kinachobana, chomelea kuzunguka. Toa waya hasi wa betri kwanza, na usichomelee karibu na tangi la mafuta wala mipira yake. Na yale mabomba ya maji yenye zinki, wengi wanayatumia kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ukiyachomelea, moshi wa zinki unakupa homa na kifua kubana jioni ile ile. Nunua bomba la ekzosi.

KASSIMU: Limefungwa. Tunajuaje halivuji?

REHEMA: Nje, mahali pa wazi. Washa injini, mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara nene lenye maji kwa sekunde chache. Wewe sikiliza kwenye maungio, panapovuja patatoa mluzi. Baada ya siku chache za kuendesha, kaza bolti tena gari likiwa limepoa, maana joto huzilegeza. Na hapa nasema kwa msisitizo: bomba lililobonyea linaweza kuvumiliwa miezi, lakini lililotoboka chini ya viti vya abiria halivumiliki hata siku moja. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na watoto waliolala kiti cha nyuma hawatakwambia kwamba kichwa kinauma.

KASSIMU: Akigundua kwamba linavuja na gereji iko mbali?

REHEMA: Ashushe abiria, afungue vioo vyote, aende moja kwa moja gereji. Asikae ndani ya gari lililosimama huku injini inanguruma.