Beni, Lelemama na Siasa ya Uwanjani

Ndugu wasikilizaji, tukisimulia historia ya kudai uhuru Tanganyika, kwa kawaida tunaanza na vyama, hotuba na safari za Umoja wa Mataifa. Leo naomba tuanzie kwenye ngoma. Naamini watu wengi wa kawaida walijifunza siasa huko kabla hawajashika kadi ya chama chochote.

Beni, ngoma ya bendi na gwaride, ilichipuka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam enzi za Wajerumani. Hebu tuitazame kwa karibu. Siku ya sikukuu wanatoka makuli, matarishi, maboi wa nyumbani na askari. Sare zimenyooka, matarumbeta yako mbele, hatua za gwaride. Huyu ni Kingi, yule Jenerali, yule Kanali, na chama cha beni kina Daktari wake. Wanawake nao wana vyeo. Kesho yake Kanali huyo huyo anabeba mizigo bandarini na kuamrishwa na kijana wa kizungu aliye mdogo kwake. Wapo wanaosema beni ilikuwa kumuiga Mzungu tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyewahi kuamrisha gwaride Jumapili haamini tena Jumatatu kwamba wengine wamezaliwa kuamrisha.

Tusiipake beni rangi ya uzalendo isiyokuwa nayo, lakini. Vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti, vilishindana vikali, kwa nyimbo za kuumbuana na karamu za kufilisi, na mara nyingi Marini walijiona ndio watu wa mjini, wenzao ni wa kuja. Hata hivyo ndani ya ushindani huo watu walichanga fedha, walizikana na waliandikiana barua kutoka tawi hadi tawi. Vita vya kwanza vya dunia vikaisambaza ngoma hii mbali sana pamoja na askari na wapagazi. Serikali ya kikoloni iliielewa nguvu hiyo: wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walipogoma mwaka 1935, tume ya uchunguzi iliulizia habari za wacheza mbeni, kama beni ilivyoitwa huko.

Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na ngoma yao, lelemama. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Alipoingia TANU mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya chama kuundwa, hakuhitaji kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Vikundi vilivyozoea kupigana vijembe vikakaa mkutano mmoja, wanawake wakajiunga kwa maelfu. Waliojua kuchangisha, kushona sare na kuitikia wimbo kwa pamoja walikuwa tayari wamejipanga. TANU iliwakuta hivyo.

Sasa niseme linaloniuma. Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba tunajua rumba na chachacha kuliko ngoma zetu, akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alitaja gombe sugu, mangala, kiduo, lelemama. Beni hakuitaja. Naelewa kwa nini: taifa changa lilitaka kuonyesha asili yake, na beni ilinuka kambi ya mkoloni. Lakini kilichoachwa nje ni ile ngoma iliyothubutu kuvaa koti la mtawala na kulichezea hadharani. Ngoma zilizobaki jukwaani zikazoea kumpokea kiongozi uwanja wa ndege na kumsifu.

Wajukuu wa beni bado wapo, mganda na malipenga, kandokando ya Ziwa Nyasa, pamoja na hatua zao za gwaride. Wanafunzi mtakaokwenda huko, msirekodi midundo na mavazi peke yake. Ulizeni nyimbo zinamsema nani, nani alikasirika, na zipi haziimbwi mkuu wa wilaya akiwepo.