Kabla ya Kumpeleka Mtoto kwa Mwenye Spoku

Mabibi na mabwana, nimepewa mada ya kinywa cha binadamu na cha mnyama, na dakika ishirini. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaishia wapi: ebinyo, yale meno ya mtoto mchanga yanayosingiziwa homa na kuharisha, hata yakachimbwa kwa spoku ya baiskeli. Tupitie mnadani kwanza, nisilaumiwe.

Mnunuzi hatoi hela kabla ya kumfungua ng'ombe mdomo. Anambana pua kwa vidole viwili, anashusha mdomo wa chini, anahesabu. Jozi moja ya meno mapana, ana kama miaka miwili; jozi nne zikitimia, amefika minne au amepita. Juu mbele hakuna jino hata moja, ni ufizi mgumu tu, na hakuna anayeshtuka. Ndama akiharisha, mfugaji anakagua maziwa, maji, zizi. Haiti mtu mwenye spoku.

Sasa mtoto wake. Miezi saba, ana homa, anaharisha, ufizi penye chonge umevimba na kupauka. Bibi anatamka: ebinyo! Tanzania wanayaita meno ya plastiki. Spoku ya baiskeli iliyonolewa inachimba ufizi bila ganzi, kisha mama anaonyeshwa kitu cheupe, laini: "Ona funza!" Funza gani? Ni jino la chonge la utotoni ambalo halijakomaa. Lingetoka lenyewe kati ya miezi 16 na 22. Ndani zaidi ya taya, jino la chonge la ukubwani ndiyo kwanza linaanza kujengwa. Spoku ikiligusa, mtoto akifika miaka 11 laweza kuota limeharibika, au lisiote kabisa. Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni damu kumwishia mtoto ambaye malaria imeshamnyonya, ni pepopunda, ni UKIMWI kama spoku imetoka kwa mwingine.

Najua kuna mama pale nyuma anasema moyoni: wangu aling'olewa akapona. Sikatai. Ulimpeleka siku ya ngapi? Ya nne? Ya tano? Kuharisha kwa ghafla mara nyingi hukoma ndani ya wiki. Mganga alikuta ugonjwa unafunga virago, akapokea ahsante yeye.

Mbona basi huanza meno yanapokaribia? Kwa sababu mtoto wa umri huo anaijua dunia kwa kinywa. Anatambaa, anaokota, analamba: udongo, kandambili, mavi ya kuku. Uji umeanza, kikombe hakikuoshwa, kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imepungua. Yote yanakutana, na kwa kuwa ufizi ndio unaoonekana, jino ndilo linaloshtakiwa.

Fanya hivi. Pakiti moja ya ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Lita nzima, si kikombe; ikiwa nzito chumvi inamzidi. Mpe kijiko kwa kijiko; akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole. Zinki miligramu 20 kila siku, siku 10 hadi 14. Nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Usiache kunyonyesha. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Macho yakizama, choo kikiwa na damu au akishindwa kunywa, usingoje kuche.

Nilikuwa bado na ya kusema juu ya mate ya ng'ombe, zaidi ya lita 100 kwa siku, na firigisi ya kuku asiye na meno. Mwenyekiti ameshaanza kutazama saa, basi. Mwenye mtoto mchanga aje hapa mbele, anawe mikono kwa sabuni, nimwonyeshe jino la chonge lilipo. Kwa kidole.