Mgeni akisema "I'm done", usimgeuze bado

Habari za huko, watu wangu wa Moshi na Arusha. Wakubwa shikamooni. Leo naongea na ninyi mnaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro na ninyi madereva wao. Kiingereza mlichosoma chuoni hakina kasoro, ila mgeni akishachoka haongei cha chuoni.

Tuanze na "sick". Mwingereza akitoka hemani pale kambi ya Barafu akakuambia "I've been sick", kwa kawaida anasema ametapika. Mmarekani akisema "I was sick", mara nyingi aliumwa tu, hata mafua yanaingia humo. Yeyote akisema "I feel sick" huko juu, chukulia ni kichefuchefu, kisha mdadisi: ametapika mara ngapi, kichwa kinauma, maji yanakaa tumboni? Halafu kijana akifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akapiga kelele "Sick!", huyo haumwi. Anasema ni kali sana. Na "I'm sick of this" ni kuchoshwa, pengine na uji wenu.

"Done" ndiyo inayoponza watu. Mbele ya sahani, "I'm done" ni nimemaliza, toa. "I'm done in" ni niko hoi. Lakini "I'm done" saa tisa usiku, kwenye baridi na mteremko ule wa changarawe, inaweza kuwa naomba dakika tano, na inaweza kuwa nirudishe chini. Ukibahatisha, unamgeuza mtu aliyetaka chai ya moto tu, au unamvuta mtu ambaye mwili umeshakataa. Muulize maneno manne: "Rest, or go down?" Akijibu, mrudie tena baada ya kunywa chai.

Sasa redio. Sisi "passing out" tunaijua ya JKT, vijana wanahitimu na gwaride juu. Kwa mgeni, "he passed out" ni amezimia, na "he passed away" ni amefariki. Kineno kimoja cha mwisho kinatofautisha machela na msiba. Kwenye redio achaneni na yote mawili. Sema Kiswahili: amezimia, anapumua, tuko mahali fulani.

Kuna neno la kihuni kidogo, lisikie tu usilitumie: "pissed". Kwa Mmarekani ni kukasirika. Kwa Mwingereza ni kulewa chakari, na akitaka kusema hasira anaongeza "off". Kwa nini nalileta? Kwa sababu Mwingereza anaweza kukuambia mwenzake "is walking like he's pissed", nawe ukadhani wamegombana. Mtu ambaye hajaonja pombe na anayumba kama mlevi, huko juu ni dalili kwamba ubongo unavimba. Mchoree mstari ardhini, atembee hatua kama 10, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, mnashuka muda huohuo. Msisubiri kukuche.

Madereva, lenu ni "half five". Mwingereza anamaanisha saa kumi na moja na nusu. Mjerumani kwao husema "halb fünf" akimaanisha saa kumi na nusu, na akilihamisha neno kwa neno, mgeni mmoja yuko mapokezi na mabegi saa nzima kabla yako. Kutoka Arusha mjini hadi uwanja wa ndege wa KIA ni karibu kilomita 50, hiyo saa huirudishi kwa kukanyaga mafuta. Mtumie kwa WhatsApp tarakimu, 17:30 au 05:30, na umsubiri ajibu.

La mezani ni jepesi. Ukimwongeza supu akasema "I'm good", au Mwingereza akasema "You're all right", maana yake ni hapana, asante, nawe unarudisha upawa. Ila "You all right?" asubuhi ni mambo tu. Jibu ni "Yeah, you?" Ukianza kumweleza goti lako la kushoto, atakusikiliza kwa adabu huku akitafuta mlango.