Kengele ya Lambalamba

ZUU: Beno, tuanze, au nikuonyeshe goti kwanza?

BENO: Goti nimeshaliona. Wasikilizaji, shukuruni hii ni sauti tu.

ZUU: Jumanne asubuhi. Natoka Ubungo kwenda Kariakoo, hapa hapa Dar, na baiskeli, nimeshika ile njia yetu ya baiskeli pembeni ya barabara ya mabasi ya mwendokasi.

BENO: Na ile Phoenix ya mzee?

ZUU: Hiyo hiyo, na uiheshimu. Shekilango nimepita, Urafiki nimepita, raha mustarehe. Magari yamesimama hadi dereva mmoja kashuka kununua gazeti. Nafika Manzese, meza ya machungwa hii hapa, katikati ya njia. Nikapiga kengele.

BENO: Mama akaivuta meza.

ZUU: Mama hata hakugeuka. Aliyegeuka ni mtoto wake, ana mia mbili mkononi, anakuja mbio: "Mama, lambalamba!"

BENO: (anacheka) Subiri, subiri... kadhani unauza zile barafu za kulamba?

ZUU: Nikamkwepa, nikagonga ukingo, nikaenda chini. Na mtoto bado kasimama na hela yake.

BENO: Ulimpa ladha gani?

ZUU: Ukwaju. Beno, niache.

BENO: Lakini dogo ana haki. Mji huu kila mlio una bidhaa yake. Vikombe vikigongana, kahawa. Vichupa vikilia, rangi ya kucha. Brashi ikigonga kiboksi, toa kiatu kipakwe kiwi. Kengele ya baiskeli?

ZUU: Lambalamba.

BENO: Ndiyo maana yake! Unapita Manzese unanadi kitu ambacho huna.

ZUU: Sasa nipige nini? Honi ya kubinya?

BENO: Hiyo nayo ya lambalamba.

ZUU: Nikipiga mluzi?

BENO: Dada Zuu, upige mluzi Manzese? Utajibiwa na vijana kumi.

ZUU: Unaona sasa. Mwendesha baiskeli hana hata mlio wake. Tuje kwenye hoja. Mwendokasi ilianza Mei 2016, kilomita 20.9, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, na mradi ukaja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tuzo ipo, njia imewekwa machungwa.

BENO: Hapo tutagombana. Mimi sitaki yule mama aondolewe.

ZUU: Nilijua tu.

BENO: Kaa pale saa moja uhesabu. Baiskeli ngapi, wanunuzi wa machungwa wangapi?

ZUU: Kisima umekijaza taka, halafu unauliza mbona hakuna anayechota.

BENO: Mwaka 2021 machinga waliondolewa barabarani, si unakumbuka? Mama yangu mdogo alikuwemo. Eneo alipewa, wateja hakupewa. Alikaa na nyanya zake mpaka zikaoza. Wewe ukikosa njia utapanda basi, yeye atapanda nini?

ZUU: Mimi nitapanda basi, sawa. Je, kibarua wa ujenzi anayetoka Kimara alfajiri? Yule nauli ya kwenda na kurudi ndiyo chakula chake cha mchana. Akikuta meza anaingia barabarani na malori. Naye ni mnyonge, Beno, ila hana meza ya kumwonyesha.

BENO: Basi wapunguzie magari nafasi. Kwa nini wagombane wawili wenye shida, mwenye gari lake anatazama kwenye kioo?

ZUU: Hilo sawa, ila kibarua anapita kesho asubuhi. Mbona kwenye njia ya basi hakuna anayeweka meza?

BENO: Kwa sababu basi linaua.

ZUU: Kwa hiyo na sisi tuue ndiyo tuheshimiwe?

BENO: Sijasema hivyo. Nasema meza ibaki.

ZUU: Nami nasema itoke.

BENO: Ibaki.

ZUU: Itoke, na bodaboda wanaokatiza humo watoke nao.

BENO: Bodaboda chukua, nimekupa bure. Mama wa machungwa sikupi.

ZUU: (kimya) Ulinunua machungwa pale, wewe.

BENO: Kila Ijumaa. Matamu kweli.

ZUU: Jamani! Na mimi nimeandika mambo matatu ya kumwambia anayeanza kuendesha baiskeli mjini. La kwanza, taa ya nyuma. La pili...

(mlio: tii, tii, tii)

BENO: Nini hicho?

ZUU: LUKU, mita ya umeme. Uniti zinaisha. Beno, si ulisema umenunua?

BENO: Nilinunua machungwa.

ZUU: Wasikilizaji, la pili na la tatu...

BENO: Zuu, huo mlio nao wanauza nini?

ZUU: Giza. Kwaherini, tunakat—