Mbegu ya Udongo Uliochoka Ichaguliwe Kwenye Udongo Uliochoka

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Neno langu mnalijua, nimelisema kwenye vikao vingi: mbegu ya mkulima asiye na mbolea ichaguliwe kwenye shamba lisilo na mbolea. Kwa nini nalirudia? Kwa sababu bado tunafanya kinyume.

Nilipoanza kazi, kituo cha utafiti nilichokuwapo tulipanda aina nyingi za maharage kwenye udongo mzuri. Kila shimo mbolea ya DAP, palizi mara mbili, dawa juu. Tukachagua iliyozaa kupita zote, nikampelekea mama mmoja huko milimani, kwenye udongo mwekundu, wenye tindikali. Niliporudi, maharage yetu yalikuwa yamedumaa, majani ya chini ya manjano, maganda mawili matatu kwa shina. Ukingoni mwa shamba hilohilo palikuwa na maharage yake ya siku zote, yale ya mchanganyiko, yamesimama na maganda yamening'inia. Yule mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, haya yenu yamedekezwa."

Akachukua jembe. Hakung'oa, alichimba kwa upole kuzunguka shina, akainua bonge zima la udongo, akalisuuza kwenye beseni. Yetu yalikuwa na mzizi mkuu ulioshuka chini moja kwa moja, na ya pembeni michache. Ya kwake yalikuwa na mizizi ya pembeni mingi, imetandaa karibu na uso wa ardhi kama mkeka, ina vinundu, vile vivimbe wanamoishi bakteria wanaoupa mmea naitrojeni. Nikapasua kinundu kimoja kwa ukucha: ndani kina wekundu wa waridi, ndiyo dalili kwamba bakteria wako kazini. Vya kwetu vilikuwa vichache, vidogo, vyeupe ndani.

Sababu yake ni hii. Fosforasi, kirutubisho ambacho mmea hauwezi kukikosa, haitembei. Naitrojeni huyeyuka ikashuka na maji, lakini fosforasi hunaswa na chuma na alumini ya udongo huo mwekundu, na kiasi kinachopatikana hubaki tabaka la juu, penye majani yaliyooza na samadi. Mzizi unaokimbilia chini unaiacha nyuma. Na fosforasi ikikosekana, hata ile sifa tunayoipa mikunde, kwamba hujitengenezea naitrojeni yake, inakwama, maana vinundu navyo vinaihitaji.

Kwa hiyo tabia hizi zinaweza kutafutwa na kuunganishwa. Msumbiji walifanya hivyo, wakishirikiana na watafiti wa Pennsylvania State University. Walilinganisha maharage yenye mizizi ya juu na yale yenye vinyweleo virefu vya mizizi. Kila tabia peke yake ilisaidia, lakini zilipokutana kwenye mmea mmoja, faida ilizidi sana jumla ya zote mbili. Hilo usingeliona kwenye shamba lililojazwa mbolea, kwa sababu pale kila mzizi unashiba.

Najua kuna anayewaza: mkulima apewe mbolea, basi! Apewe, nani anakataa? Lakini kwenye udongo wenye tindikali bila chokaa, sehemu kubwa ya fosforasi unayoinunua inanaswa kabla mmea haujaionja. Mwenye maharage ya mizizi mizuri atanufaika zaidi hata na kimfuko kimoja alichomudu. Mwingine ataniambia mbegu hii itaukamua udongo mpaka uishe. Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Mmea hautengenezi fosforasi, unaichota tu. Ndiyo maana masalia na samadi lazima virudi shambani, na mawe ya fosfeti ya Minjingu, hapa Tanzania, tunayo wenyewe. Na ndiyo, mizizi ya juu huumia mapema jua likiwaka. Penye ukame tafuta mmea wenye mizizi ya juu na inayoshuka chini pia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mbaazi nilitaka nizieleze kwa kirefu: mwaka 1990 mtafiti Noriyuki Ae na wenzake, wakifanya kazi India, walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayokishika chuma na kuiachia fosforasi iliyonaswa. Soya za aina ya TGx kutoka IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha tropiki iliyoko Nigeria, zilizalishwa zipatane na bakteria wa udongo wetu, mkulima asilazimike kununua wa pakiti. Suala la nani atazalisha mbegu hizi wakati mkulima wa maharage anajiwekea zake mwenyewe, naliacha. Linataka siku yake.

Wanafunzi, nje kuna vitalu viwili, kimoja kina mbolea, kingine hakina tangu misimu minne. Majembe yapo, beseni zipo. Anzeni na kile kisicho na mbolea, na mtu asing'oe. Mchimbe.