Ndege mweusi wa La Digue

Hamjambo nyote, na poleni kwa foleni ya jioni hii.

Leo nawaletea ndege mweusi wa Shelisheli, kwa Kiingereza Seychelles paradise flycatcher. Wengi wenu mmemwona jamaa yake hapa hapa Nairobi, Karura au City Park: mgongo rangi ya kutu, kichwa cheusi chenye kishungi, dume na mkia mrefu kuliko mwili. Huchomoka tawini, hudaka mdudu hewani, hurudi. Huyo hana shida, ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Binamu yake wa Shelisheli ndiye aliyenileta. Dume ni mweusi tititi. Jike ana mgongo wa kahawia na tumbo jeupe. Kwa miaka mingi walizaliana katika kisiwa kimoja tu, La Digue, chenye kilomita za mraba 10 hivi, na kwa kawaida jike hutaga yai moja. Wanapenda msitu wa tambarare karibu na maji, wenye mitondoo na mikungu. Watu wa Pwani mnaijua miti hiyo. Basi tambarare hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kwa nyumba na hoteli. Ongezeni paka, panya, na maradhi yanayonyausha mitondoo.

Mwaka 2008 ndege 23 walipandishwa helikopta hadi kisiwa cha Denis, huko huko Shelisheli. Magazeti hupenda hiyo helikopta. Mimi napenda kazi iliyotangulia, isiyopigwa picha: kuwamaliza panya na paka wa Denis, kisha kurudisha miti ya asili palipotawaliwa na minazi. Bila hayo wangepelekwa kufa tu. Walizaliana, na mwaka 2018 wengine wakapelekwa kisiwa kingine cha Shelisheli, Curieuse. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilikuwa imewaweka ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Sasa wameshushwa ngazi mbili. Bado wamo miongoni mwa walio hatarini kwenye Orodha Nyekundu yake, na sawa tu, maana visiwa hivyo ni vidogo na gonjwa moja jipya lingetosha.

Kuna bwana pale nyuma ameuliza kwa nini tusiletewe wachache Kilifi, maana mikungu tunayo. Ndugu yangu, mikungu tunayo, lakini panya tunao pia, paka tunao, na kunguru wa Bara Hindi wamejaa Pwani nzima. Huyo kunguru peke yake angelila yai hilo moja kabla halijapata joto.