Pasua altimita ya ndege kwa Inkscape, hatua kwa hatua

Haya, karibuni tena. Leo tunapasua altimita, ile saa ya rubani inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani. Bisibisi iache kabatini. Tunatumia Inkscape, programu ya bure ya kuchora, na kompyuta ya kawaida inatosha.

Fungua ukurasa mpya. Kushoto tutachora uso, kulia tutachora matumbo. Kila upande uwe na leya yake, yaani tabaka lake la mchoro, usije ukahangaika baadaye.

Tuanze na uso. Shikilia Ctrl uchore duara jeusi, la sivyo litatoka yai. Juu kabisa weka kistari cheupe. Kibofye, kibofye tena. Kuna kialama cha msalaba kinatokea. Kiburute hicho hadi katikati ya duara. Sasa Ctrl+D upate nakala, izungushe nyuzi 36, rudia mpaka vistari viwe kumi. Tarakimu 0 hadi 9 ziandike kwa mkono, zisimame wima. Ukizizungusha, 6 na 9 zitakuchezea.

Mishale ni mitatu, na wengi hapa hubahatisha tu. Tuseme ndege imeegeshwa Jomo Kenyatta, Nairobi, futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Mshale mrefu ni wa mamia: kutoka 0 uzungushe nyuzi 119, usimame mbele kidogo ya 3. Mfupi ni wa maelfu: nyuzi 192, umeshaipita 5. Ule wa makumi elfu, nyuzi 19, katikati ya 0 na 1. Kulia toboa kidirisha uandike 1013, mgandamizo wa hewa wa kawaida kwa hektopaskali. Rubani hukirekebisha kwa kitufe cha chini kushoto, kulingana na hewa ya siku hiyo.

Twende ndani sasa, tukitazama kwa ubavu. Chora kasha lililozibwa pande zote, lenye mrija mmoja tu unaoingilia nyuma. Mrija huo unatoka kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa ndege. Jaza rangi ya buluu kwenye mrija na kasha zima: hiyo ndiyo hewa ya nje. Katikati chora kopo bapa, kama sahani mbili zenye mikunjo zilizofunikana na kubanwa ukingoni. Liache jeupe. Limenyonywa hewa likazibwa, halina mrija. Narudia, halina mrija! Mchoro wangu wa kwanza niliuwekea, fundi mmoja wa ndege akaniandikia: "Kaka, hiyo si altimita, umetuchorea kipima mwendo." Na alikuwa na haki.

Ndege ikipaa, mgandamizo wa nje unashuka, na wa ndani ya kasha unashuka nao, kwa hiyo kopo linavimba. Linakili kopo, linenepeshe kidogo, fifisha buluu iliyolizunguka. Tayari una picha mbili, ya chini na ya angani.

Kopo husogea kidogo mno, ndiyo maana kuna gia. Kutoka juu ya kopo chora kifimbo, kifimbo kisukume kipande cha gia kubwa, nayo izungushe gia ndogo iliyoshika mhimili wa mshale. Ukubwa usiugeuze: ndogo ikiisukuma kubwa, mshale wako hautatikisika.

Kazi imeisha? Bado kidogo. Nakili kasha lote mara mbili. Kwenye la kwanza, kopo lipe mrija wake kutoka bomba la pitot, lile linalotazama mbele na kupigwa na upepo. Upake rangi nyekundu pamoja na kopo. Hicho sasa ndicho kipima mwendo cha yule fundi. Kwenye la pili, peleka hewa ya ubavuni moja kwa moja ndani ya kopo, halafu kwenye kasha ipitie kitundu chembamba sana. Kasha linachelewa kufuata kopo, na kule kuchelewa ndiko kunakosukuma mshale wa kipima kasi ya kupanda na kushuka. Kitundu hicho kichore chembamba kama unywele. Ukikipanua, hewa italingana papo hapo na mshale utalala kwenye 0.